Silinda Kubwa kwa Msumeno Uliokwisha Badilishwa

Katika skimu nyingi za makazi, miti iliyopandwa mipakani tangu mashamba yalipoanza kugawanywa mwaka 1962 na baadaye imekwisha kuwa mbao, na mahali pengine imekatwa na kupandwa tena. Kwa hiyo msumeno wa injini, ambao wengi huuita pawasoo, umekuwa chombo cha mkulima kama vile bomba la kunyunyizia dawa. Mara nyingi kikundi cha majirani huchanga fedha na kununua mmoja, tena uliokwisha kutumika, nao huwa umepita katika mikono ya mafundi wawili watatu. Siku moja silinda yake hukwaruzika, na mwenye duka la spea husema, "Chukueni hii ya msumeno mkubwa zaidi. Inaingia, na itawapa nguvu."

Je, yafaa kuichukua? Yaweza kufaa sana. Lakini kuingia kwake tu si ushahidi wa kutosha, kwa maana silinda nyingi huingia, boliti zikafungwa vizuri, injini ikawaka na kulia kwa nguvu, kisha ikafa kabla ya kumaliza tangi la tatu. Fedha za kikundi huwa zimekwenda, na miti bado imesimama. Basi ni vizuri mkulima ajue mambo ya kupima kabla ya kulipa, hata kama kazi yenyewe ataifanya fundi.

Kwanza tuelewe silinda hii hufanya nini. Injini ya lori ina vali zinazofunguka na kufunga. Injini ya msumeno ni ya mipigo miwili, nayo haina vali za namna hiyo. Pistoni yenyewe ndiyo mlango. Inapopanda hubana petroli na hewa juu yake, na wakati huo huo huvuta petroli na hewa nyingine kuingia chini, mle chumbani ambamo krenki huzunguka. Inaposhuka, dirisha la ekzosi hufunguka kwanza ili moshi utoke, halafu madirisha ya pembeni hufunguka, na ile hewa yenye petroli iliyokuwa chini husukumwa kupanda juu. Basi mahali dirisha lilipokatwa katika ukuta wa silinda ndipo panapoamua saa ya kazi hiyo. Ukiishusha silinda nusu milimita, umebadilisha saa za injini nzima. Ekzosi itachelewa kufunguka na kuwahi kufungwa, na dirisha la kuingizia litakaa wazi muda mrefu zaidi.

Tuchukue mfano mmoja ambao mafundi wengi wanaufahamu. Msumeno Husqvarna 365 wa aina ya zamani una silinda yenye upana wa milimita 48, na pistoni yake husafiri milimita 36. Ndugu yake 372 XP ana upana wa milimita 50, na safari ni ile ile, milimita 36. Misumeno hiyo miwili ilijengwa juu ya mwili mmoja wa chini, na kwa sababu hiyo watu huondoa silinda na pistoni ya 365 na kuweka ya 372. Tufanye hesabu. Zidisha upana kwa upana, kisha kwa urefu wa safari, kisha kwa 0.7854. Kwa sentimita, 4.8 mara 4.8 mara 3.6 mara 0.7854 ni karibu 65.1. Na 5 mara 5 mara 3.6 mara 0.7854 ni karibu 70.7. Faida ni sentimita za ujazo 5 na nusu hivi, yaani kama sehemu 8 na nusu katika kila mia.

Faida hiyo ni ya kweli, lakini si ya miujiza. Mnyororo butu utaila yote na kudai zaidi. Kwa hiyo, kama silinda yenu ya milimita 48 bado ni laini ndani na pistoni haina mikwaruzo, iacheni, mkanunue tupa na kujifunza kunoa. Lakini kama imekwisha kuharibika na lazima mnunue nyingine, hapo ndipo ile kubwa inapostahili kufikiriwa.

Jihadharini na jambo moja dukani. Majina 365 na 372 yametumika kwa misumeno ya aina mbili. Ile ya baadaye huandikwa X-Torq, na silinda yake huingiza hewa tupu kwanza ili kusukuma moshi nje kabla ya petroli kufika. Mlango wake wa kuingizia una njia mbili, pistoni yake imechongwa ubavuni, na kabureta yake ni ya namna yake. Hata 365 ya X-Torq tayari ina upana wa milimita 50. Msichanganye silinda ya aina hiyo na mwili wa aina ya zamani kwa kuwa namba zinafanana. Iwekeni ile mpya kando ya ile ya zamani mezani, mzitazame mlango kwa mlango.

Mezani kabla ya kulipa

Mkiwa hapo na silinda mbili, tazameni mambo haya kwa utaratibu, wala msione haya mbele ya mwenye duka. Matundu manne ya boliti lazima yalingane, hilo kila mtu hulitazama. Wasiolitazama wengi ni shingo ya silinda, ile sehemu inayoshuka na kuingia katika mdomo wa mwili wa chini. Ikiwa nene kuliko mdomo, fundi atataka kuukwangua mdomo, na vumbi la chuma litaingia katika beringi za krenki. Tena tazameni zile njia za pembeni zinazopandisha petroli. Ziwe zinakutana na njia za mwili wa chini bila kuacha kingo katikati.

Pistoni lazima itoke pamoja na silinda yake. Pini ya pistoni iwe na unene ule ule unaoingia katika beringi ndogo ya konrodi yenu. Kutoka katikati ya tundu la pini mpaka juu ya pistoni ni kipimo cha maana sana. Kikizidi, pistoni itagonga kichwa cha silinda, na kikipungua, nguvu ya kubana itapotea. Basi pimeni kwa kalipa, ya zamani na mpya, na muandike. Kipimo kilichoandikwa hakibishaniwi.

Ringi nayo ina siri yake. Katika mfereji wa ringi kuna pini ndogo inayozuia ringi isizunguke. Pini hiyo huwekwa ili zile ncha mbili za ringi zipite mahali penye ukuta mzima. Mtu akichukua pistoni ya msumeno mwingine kwa sababu upana ni mmoja, yawezekana ncha zikaangukia kwenye dirisha la ekzosi. Hapo ncha huchomoza nje, hukamatwa na ukingo wa dirisha na kuvunjika, na kipande kimoja cha ringi hutosha kuharibu silinda mpya kwa dakika moja. Wekeni pistoni ndani bila ringi, mkachungulie madirishani mwone pini hiyo inapita wapi.

Pitisheni pia kidole ndani ya madirisha. Silinda nyingine za bei nafuu huja na kingo kali kama kisu, na kingo hizo huchubua ringi. Fundi mwenye mkono mwepesi aweza kuzilainisha kwa jiwe dogo, pembeni tu. Lakini hapa lazima niseme neno juu ya mafundi wa malori, ambao nawaheshimu sana. Wao wamezoea kutoboa silinda ikawa pana na kuweka pistoni ya saizi ya juu. Silinda za misumeno hii ni za alumini, na ndani zimepakwa ganda jembamba gumu la nikeli. Likitobolewa, ganda limekwisha, na pistoni itasugua alumini tupu. Kwa hiyo asikubaliwe mtu yeyote kuipeleka kwenye mashini ya kutoboa.

Yale yaliyobaki chini

Sasa tumefika kwenye jambo ambalo huwaangusha wengi. Msumeno wenu umekwisha kubadilishwa zamani na mtu aliyetaka nguvu. Mnapoondoa silinda ya zamani, mnafikiri mmeondoa na mabadiliko yake. Sivyo. Mengine yamebaki katika mwili wa chini na pembeni, na silinda mpya itayakuta.

La kwanza ni gasketi iliyo chini ya silinda. Wengi huitoa ili silinda ishuke na kubana zaidi, kisha hupaka gundi ya gasketi tu. Mkikuta gundi nyekundu au nyeusi na hakuna gasketi, jueni kwamba vipimo vya kiwandani vimekwisha badilika. Pengine fundi aliichonga silinda ile ya zamani kwa chini, na hilo litaondoka nayo. Lakini yeye huenda alipanua njia za mwili wa chini kwa tupa, na hilo halitaondoka.

La pili limejificha chini ya gurudumu lenye sumaku, lile linalowasha cheche na kupuliza hewa ya kupoza. Gurudumu hilo hushikwa mahali pake na jino dogo la chuma. Mtu akilikwangua jino hilo upande mmoja, gurudumu husogea kidogo na cheche huwahi kutoka. Kwa silinda ya zamani pengine lilileta faida kidogo. Mkiweka silinda inayobana zaidi na cheche bado inawahi, petroli italipuka pistoni ingali inapanda, na injini itagonga kama mtu anayepiga bati. Sehemu ya juu ya pistoni huliwa polepole mpaka ikatoboka. Kwa hiyo fungueni gurudumu, mlitazame jino. Kama limekwanguliwa, rudisheni gurudumu la kawaida kabla ya jambo lingine lolote.

La tatu ni sailensa iliyotobolewa. Sailensa ikiwa wazi zaidi, hewa hupita kwa wepesi, na injini huhitaji petroli zaidi. Nalo la nne ni mpira unaounganisha kabureta na silinda, ambao kwa msumeno wa zamani mara nyingi huwa na ufa mdogo usioonekana mpaka uupinde. Ufa huo huingiza hewa isiyo na petroli. Petroli ndiyo inayobeba mafuta ya kulainisha, kwa hiyo ikipungua petroli, hupungua na mafuta, na pistoni hukauka na kuganda. Sili za krenki, moja kila upande, huleta hasara ile ile zikichakaa. Silinda nyingi zilizokufa ziliuawa na mpira wa bei ndogo kuliko ringi. Tafuteni kilichoua silinda ya kwanza, kwa kuwa kama bado kipo kitaiua na ya pili.

Waya wa lehemu

Kipimo kikubwa kuliko vyote ni nafasi inayobaki kati ya pistoni na ukingo wa kichwa cha silinda, pistoni ikiwa juu kabisa. Hakihitaji mashini. Fungeni silinda mpya pamoja na gasketi yake, boliti zikazwe sawasawa. Chukueni waya laini wa lehemu, ule wa kuchomelea, wenye unene wa milimita moja na nusu hivi. Upindeni na kuuingiza katika tundu la plagi mpaka ncha iguse ukuta wa silinda, ukielekea upande ule ule pini ya pistoni inakolala, kwa sababu upande huo pistoni haiyumbi. Zungusheni gurudumu kwa mkono mpaka pistoni ipite juu kabisa, kisha mchomoe waya. Ncha itakuwa imebanwa kama bati. Pimeni unene wake kwa kalipa. Fanyeni hivyo na upande wa pili pia.

Chini ya nusu milimita ni hatari. Injini ikienda mbio, beringi zina uchezaji wake na konrodi huvutika kidogo, kwa hiyo nafasi iliyokuwapo ulipozungusha kwa mkono hupungua. Kwa msumeno wa kazi ya shamba, ambao hutumiwa na watu wengi na petroli ya popote, mimi naona 0.7 au 0.8 yatosha.

Tuone hesabu ilivyo. Tuseme waya umetoka na 0.8, gasketi ikiwapo. Basi acheni hivyo hivyo, kazi imekwisha. Tuseme umetoka na 1.2, na gasketi yenu ni ya nusu milimita. Mkiitoa mtabakiwa na 0.7, na mkitumia gundi inayostahimili joto mtapata injini inayobana vizuri. Tena tuseme fundi wa zamani hakuwa na gasketi, nanyi mmefuata mtindo wake, na waya umetoka na 0.3. Hapo wekeni gasketi ya nusu milimita, mpate 0.8. Yule anayesema kwamba 0.3 ni nguvu zaidi hatakuwapo siku pistoni itakapogonga.

Kabla ya kufungua tena, pandisheni pistoni juu kabisa na mtazame kupitia dirisha la ekzosi. Chini ya dirisha pistoni lazima bado iwe imefunika. Mkiona mwanga au mwanya chini ya pistoni, ekzosi imefunguka kuingia katika chumba cha krenki, na silinda hiyo haikuwa ya mwili huo. Shusheni pistoni mpaka chini kabisa na kuhakikisha kwamba haigusi magurudumu ya krenki. Zungusheni mara kadhaa kwa mkono huku mkisikiliza.

Kufunga na kuwasha

Ringi ipimwe ndani ya silinda kabla ya kuvishwa. Isukumeni ndani kwa kutumia kichwa cha pistoni ili ikae sawa, kisha pimeni mwanya wa ncha zake kwa vibati vya kupimia. Kwa upana wa milimita 50, mwanya usipungue 0.2 hivi, kwa maana ringi ikipata joto hurefuka, na ncha zikikutana hujikaza ukutani. Mshale ulio juu ya pistoni uelekee ekzosi. Klipu za pini ziwe mpya siku zote. Klipu ya zamani iliyopindwa mara moja haina uaminifu tena, nayo ikitoka huchimba mtaro katika ukuta wa silinda. Zibeni mdomo wa mwili wa chini kwa kitambaa safi mnapoziweka, kwani klipu hupenda kuruka humo. Pakeni mafuta kidogo, shusheni silinda bila kuizungusha, na mkaze boliti kwa msalaba, kidogo kidogo.

Petroli ichanganywe na mafuta ya mipigo miwili kama mkebe unavyoagiza. Kwa mafuta mazuri ya kipimo cha moja kwa hamsini, ni mililita 20 kwa kila lita, yaani mililita 100 katika lita 5. Tumieni chupa yenye alama. Kifuniko cha soda si kipimo.

Kabureta ile ile yaweza kuendelea kutumika, lakini skrubu zake zipangwe upya, kwa kuwa silinda kubwa na sailensa iliyotobolewa zinataka petroli zaidi. Fungeni skrubu zote mbili polepole mpaka zikome, bila kukaza, kisha mzifungue mzunguko mmoja mmoja. Huo ni mwanzo tu. Washeni, acheni ipate joto, kisha mvute petroli yote kwa muda mfupi, mnyororo ukiwa hewani. Mlio mzuri ni ule unaogugumia kidogo, kama injini inakataa kwenda mbio kabisa. Ukiingiza mnyororo katika gogo, kigugumizi kinakwisha na mlio unanyooka. Lakini ikiwa hewani inalia nyororo na kali kama filimbi, izimeni. Petroli ni kidogo. Fungueni ile skrubu ya mbio, upande wa kushoto, robo ya nusu mzunguko, mkajaribu tena. Vijana hupenda ule mlio wa filimbi, na ndio mlio wa mwisho ambao silinda nyingi zimewahi kutoa.

Tangi la kwanza likatwe magogo ya wastani, bila kuushikilia msumeno mbio mtupu hewani. Ukipoa kabisa, kazeni boliti tena, za silinda na za sailensa, maana joto la kwanza huzilegeza. Toeni plagi mwitazame. Rangi ya chai yenye maziwa ni njema, nyeupe ni petroli kidogo, na nyeusi yenye unyevu ni petroli nyingi. Nyeusi kidogo katika siku za mwanzo isiwatie wasiwasi.

Na breki ya mnyororo ijaribiwe asubuhi hiyo hiyo, kabla ya mti wa kwanza. Injini sasa ina nguvu zaidi ya ile breki iliyoizoea, na mkono wa mtu umebaki ule ule. Vuteni mbio, sukumeni ngao ya mbele, na mnyororo usimame papo hapo. Usiposimama, utepe wa breki umekwisha, na msumeno urudi mezani mpaka upate mwingine.